Hati ya nyumba ya ugenini si ruhusa ya kuishi huko

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hivi sasa halikosekani barazani, hapa Chake Chake na hata Unguja, nalo ni huu mwendo wa watu wetu kununua nyumba nchi za nje kwa nia ya kuhamia huko moja kwa moja. Mawakala wanakuja, wanakodi kumbi za hoteli, wanaonyesha picha za majumba ya ghorofa ya Istanbul, Dubai na Muscat, na wasikilizaji wanaondoka na vijitabu vyenye rangi nzuri na fomu ya kulipia kianzio. Wapo waliokwisha kuuza kiwanja ili walipie fomu hiyo, na wapo ndugu waliokubaliana kuuza nyumba ya urithi waliyoachiwa na wazazi wao.

Sikusudii kumzuia mtu kutumia mali yake. Mwenye mtoto anayefanya kazi Dubai, au mwenye biashara inayompeleka Istanbul kila msimu, huenda nyumba ya huko ikamfaa kuliko kodi ya hoteli. Ninachotaka kukisema nimekiona kwenye makaratasi. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kumbukumbu za ardhi, na majirani wamezoea kuniletea mikataba niwasomee kabla hawajatia saini, na mara nyengine, kwa bahati mbaya, baada ya kutia. Katika mikataba hiyo ninaona kosa moja linajirudia: mnunuzi anadhani kwamba akishakuwa na hati ya nyumba amepata pia ruhusa ya kuishi katika nchi hiyo. Hayo ni mambo mawili, yanatolewa na ofisi mbili, na ofisi inayotoa hati ya nyumba haina mamlaka yoyote juu ya ofisi inayogonga muhuri wa ukaazi.

Ajabu ni kwamba sisi Wazanzibari tungepaswa kulifahamu hili kuliko watu wengi, kwa sababu ndivyo tunavyowafanyia wageni wetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ikaendeleza msingi huo: haki ya matumizi ya ardhi hupewa Mzanzibari, na mgeni hupata ukodishaji kwa ajili ya uwekezaji. Yule Mtaliano wa Paje au Mjerumani wa Jambiani anayewaambia jamaa zake kwamba amenunua kipande cha ufukwe, kwa hakika amekodi, na mkataba wake una tarehe ya mwisho. Ilipotungwa sheria ya mwaka 2010 ya majengo yenye wamiliki wengi, ndipo mgeni alipofunguliwa mlango wa kumiliki fleti, kama zile zinazojengwa Fumba, lakini fleti ndani ya jengo, si ardhi iliyo chini yake. Na akitaka kibali cha ukaazi kwa sababu ya nyumba hiyo, Serikali imeweka kiwango chake, dola 100,000 za Marekani, katika miradi iliyoidhinishwa. Aliyenunua chini ya hapo ana nyumba, lakini kibali atakitafuta kwa njia nyengine.

Tunaliona hilo kuwa la haki, nami naliona hivyo, kwa kuwa visiwa vyetu ni vidogo. Basi kwa nini tukifika kwa watu tunatarajia wao wawe wakarimu kuliko sisi?

Nianze na Uturuki, kwa sababu ndiko wanakoelekezwa wenye fedha za wastani. Mwaka 2012 Uturuki ilibadilisha sheria yake ya usajili wa ardhi na kuliondoa sharti lililokuwa likisema kwamba mgeni ataruhusiwa kununua iwapo tu nchi yake nayo inawaruhusu Waturuki. Tangu hapo soko lilifunguka sana kwa wageni. Lakini umiliki huko hauhami kwa risiti wala kwa mkataba wa wakala. Unahama siku jina la mnunuzi linapoandikwa katika daftari la ofisi ya serikali ya ardhi, na hati inayotolewa pale ndiyo inayoitwa tapu. Mkataba ulioandikwa ofisini kwa wakala, hata uwe na mihuri mingapi, hauhamishi kitu, na hata ahadi ya kuuza iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji wa nyaraka hubaki kuwa ahadi tu.

Mkataba mmoja niliouona, ulioletwa na kijana wa Wete kwa niaba ya baba yake, ulikuwa na kurasa nyingi za Kiingereza na Kituruki zilizopangwa sambamba, kila ukurasa umetiwa herufi za mwanzo za jina la mzee kwa kalamu ya buluu. Maelezo ya vigae vya jikoni, ya bwawa la kuogelea na ya rangi ya milango yalichukua karibu kurasa mbili kamili. Tapu ilitajwa mara moja, katika kifungu kifupi kinachosema kwamba itashughulikiwa baada ya malipo ya mwisho kukamilika, bila ya kutaja tarehe na bila ya kusema muuzaji atawajibika vipi isipotoka. Bei ilikuwa dola 90,000. Yule kijana alichokuja kuuliza hakikuwa tapu. Aliuliza kama wazee wake waanze kuuza vyombo vya ndani, maana wakala amewaambia kwamba kibali cha ukaazi kitafuata chenyewe.

Hakifuati chenyewe. Tangu Oktoba 2023 Uturuki inataka nyumba iwe na thamani ya angalau dola 200,000 ndipo mgeni aweze kuomba kibali cha ukaazi kwa sababu ya kuimiliki, na thamani inayoangaliwa si ile iliyotajwa na muuzaji bali ile iliyomo katika kumbukumbu na ripoti rasmi ya mthamini. Juu ya hapo, kuna mitaa mingi ambayo serikali ya huko imeifunga isipokee wageni wapya wanaoomba ukaazi, kwa kuwa idadi ya wageni ilikuwa imeshakuwa kubwa. Wilaya za Fatih na Esenyurt mjini Istanbul zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kufungwa, na baadaye orodha ikapita mitaa elfu moja. Na Esenyurt, kwa wasioijua, ndiko kwenye fleti nyingi za bei nafuu zinazowavutia wanunuzi kutoka nje. Kwa hiyo mtu anaweza kuinunua nyumba kihalali kabisa, akapewa tapu yenye jina lake, kisha akawa anaitembelea kwa viza ya mgeni na kuondoka siku zake zinapomalizika.

Kwa anayeendelea na Uturuki hata hivyo, yapo mambo ya kuyatazama ambayo mawakala huyapitia juu juu. Tapu yenyewe si ya aina moja. Kuna inayoandikwa kat mülkiyeti, ambayo ni umiliki kamili wa fleti katika jengo lililokamilika na kupewa ruhusa ya kukaliwa, na kuna inayoandikwa kat irtifakı, ambayo ni haki juu ya fleti katika jengo ambalo bado liko njiani, au limekwisha kujengwa lakini halijapata ruhusa hiyo. Jengo linaweza kukaa miaka katika hali hii ya pili huku watu wanaishi ndani yake. Muulize wakala ni ipi kati ya hizo, na umtake akuonyeshe kwa kidole ilipoandikwa. Mgeni pia anatakiwa awe na ripoti ya mthamini, awe na mkalimani aliyeapishwa siku ya kusaini kama hajui Kituruki, na fedha zake za kigeni zipite benki na kubadilishwa kuwa lira kwa cheti maalumu. Anayekwambia umpe dola taslimu mkononi ili mambo yaende haraka anakuondolea ushahidi wako mwenyewe. Ada ya kuhamisha umiliki ni asilimia 4 ya bei.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Tetemeko la Agosti 1999 karibu na Istanbul, na lile la Februari 2023 kusini mwa nchi hiyo lililoua zaidi ya watu 50,000, yameonyesha kwamba umri wa jengo na uaminifu wa aliyelijenga si jambo la kupuuza. Baada ya tetemeko la 1999 kanuni za ujenzi zilikazwa na bima ya tetemeko ikafanywa ya lazima kwa nyumba za mijini. Bila ya bima hiyo huwezi hata kuunganishiwa umeme na maji. Sisi tuliozoea kukagua nyumba kwa kutazama chokaa na boriti, huko tujifunze kuuliza mwaka wa ujenzi kabla ya kuuliza idadi ya vyumba.

Wapo wanaosema: basi tununue kubwa zaidi tupate uraia kabisa. Ni kweli Uturuki inatoa uraia kwa mgeni anayenunua nyumba na kuahidi kutoiuza kwa miaka 3. Mwaka 2017 kiwango kilikuwa dola milioni 1, mwaka 2018 kikashushwa hadi dola 250,000, na tangu 2022 ni dola 400,000. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, anayejipatia uraia wa nchi nyengine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Na Uzanzibari, kwa mujibu wa Sheria ya Mzanzibari ya 1985, unasimama juu ya uraia wa Tanzania. Maana yake ni kwamba aliyenunua uraia wa ugenini kwa nyumba amejitoa mwenyewe katika kundi la watu ambao sheria ya 1992 inawapa haki ya matumizi ya ardhi hapa nyumbani. Anaweza kurudi Chake Chake akajikuta, mbele ya sheria, yuko pamoja na yule Mtaliano wa Paje. Najua kwamba mwaka 2025 Bunge la Muungano lilipitisha mabadiliko ya sheria kwa ajili ya hadhi maalumu ya watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na ni hatua nzuri, lakini hadhi si uraia, na ardhi ya Zanzibar si jambo la Muungano. Mtu asiuze pasi yake kwa kutegemea sheria ambayo hajaisoma.

Dubai ni mji wenye utaratibu ulionyooka zaidi, na nasema hivyo bila ya kulipwa na mtu. Sheria yao ya mwaka 2006 iliwaruhusu wageni kumiliki nyumba moja kwa moja, lakini katika maeneo yaliyotajwa tu, na kila mauzo yanaandikwa katika Idara ya Ardhi kwa ada ya asilimia 4. Kwa nyumba ambazo bado ziko kwenye ramani, sheria ya 2007 inamlazimisha mjenzi kuweka fedha za wanunuzi katika akaunti maalumu ya dhamana, na kuzichukua kadiri ujenzi unavyosonga. Kwa hiyo mnunuzi anayeombwa aingize kianzio katika akaunti binafsi ya wakala, au akaunti iliyoko nchi ya tatu, hana haja ya kutafuta ushauri wangu. Ajue amekwisha kupata jibu. Ukaazi nao una viwango vyake: nyumba ya dirham 750,000, karibu dola 204,000, huweza kumpatia mwenyewe viza ya miaka 2, na ya dirham milioni 2, karibu dola 545,000, viza ya miaka 10. Zile fleti ndogo za chumba kimoja zinazouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, nyingi haziwezi kukufikisha kiwango hicho cha kwanza.

Kinachowachoma wengi Dubai ni gharama ya huduma za jengo, ambayo hutozwa kila mwaka kwa kila futi ya mraba, ukae usikae. Lifti, walinzi, bwawa, bustani, kiyoyozi cha kwenye kumbi, vyote hivyo vina bili. Mzee aliyestaafu anayetegemea pensheni ya shilingi, na aliyezoea kwamba nyumba ikishajengwa haidai ila chokaa na bati, atashangaa kuona kwamba nyumba aliyokwisha kuilipia yote inaendelea kumdai kwa dirham.

Muscat inataka maneno mengi zaidi, kwa sababu huko tunakwenda kwa moyo na si kwa akili. Hakuna familia kubwa ya visiwa hivi isiyokuwa na mjomba, shangazi au binamu Oman. Waliondoka baada ya 1964, wengi wao wakaitikia wito wa Sultan Qaboos baada ya 1970, wakapata uraia, wakazaa na kujukuu huko, na Kiswahili bado kinasikika majumbani mwao. Mtu akishuka uwanja wa ndege wa Muscat akapokelewa kwa Kiswahili cha Wete, akapelekwa nyumbani akaandaliwa mkate wa mofa na samaki, ni rahisi asahau kwamba ameingia kwa viza. Lakini sheria ya nyumba ya Oman haimwangalii kwa damu wala kwa lahaja. Inamwangalia kwa pasi. Kwa amri ya kifalme ya mwaka 2006, mgeni asiyekuwa raia wa nchi za Ghuba aliruhusiwa kumiliki nyumba katika maeneo maalumu ya utalii yaliyopangwa, mfano wa Al Mouj ya Muscat, na baadaye wageni wakaazi wakafunguliwa njia ya haki ya matumizi ya muda mrefu katika baadhi ya majengo ya ghorofa mjini. Nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida, ile unayoiona kwa binamu yako, si ya mgeni kuinunua kwa jina lake.

Ndipo linapokuja shauri la kununua kwa jina la ndugu. Nimelisikia mara nyingi na kila mara linasemwa kwa sauti ya chini, kama siri ya busara: fedha zangu, jina la binamu, tukaandikiana karatasi baina yetu. Naomba nilikatae shauri hili waziwazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na daftari linalohesabika hapa ni lile la serikali ya Oman, si karatasi mliyoandikiana sebuleni. Tuseme binamu ni mwaminifu kupita kiasi. Binamu naye hufa. Siku akifa, nyumba iliyo kwa jina lake inaingia katika tirka yake, yaani mali aliyoiacha, pamoja na gari lake na akiba yake ya benki, na warithi wake, ambao huenda hata hawajui Pemba iko upande gani, wana haki ya kuuliza kwa nini mali ya baba yao iwe yako. Au binamu hafi, ila anafilisika, na wadai wake wanakuja juu ya kila kilichoandikwa kwa jina lake. Utakapokwenda mahakamani na karatasi yako, utakuwa unamweleza kadhi kwamba ulikusudia kuikwepa sheria ya nchi yake. Mambo haya haya yamewakuta wageni huku kwetu waliojenga ufukweni kwa jina la Mzanzibari, na tulipowasikia wakilalamika hatukuwahurumia sana.

Kwa wanaotazama Ulaya na Amerika nitasema kwa ufupi, maana wengi wao wana watoto huko wanaoweza kuwasomea. Uingereza haimkatazi mgeni kununua, lakini nyumba haimpi viza hata ya siku moja. Na kodi yao ya ununuzi katika England huongezwa asilimia 2 kwa asiyekuwa mkaazi, tangu Aprili 2021, na asilimia 5 nyengine kwa anayeongeza nyumba juu ya aliyonayo, na nyumba uliyonayo Mazizini inahesabiwa ikiwa thamani yake imefika pauni 40,000. Kanada imewazuia wageni wasio wakaazi wa kudumu kununua nyumba za kuishi katika miji yake tangu Januari 2023, na katazo hilo limeongezwa hadi mwanzo wa 2027. Ureno iliufunga mlango wa ukaazi kwa kununua nyumba mwaka 2023 na Hispania ikaufunga Aprili 2025. Kijitabu chochote chenye kuahidi ukaazi wa nchi hizo mbili kwa njia hiyo ni cha zamani au ni cha uongo.

Lililobakia, na ambalo sijalisikia likitajwa hata katika kikao kimoja cha mawakala, ni mirathi. Hapa kwetu Muislamu akifariki, warithi wanakwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi, hesabu inafanywa kwa mafungu ya Qur'ani na kila mtu anajua fungu lake. Oman na Dubai, kwa Waislamu, mahakama zinafuata sharia, kwa hiyo shida ni ya makaratasi zaidi. Uturuki sivyo. Nchi ile ni ya Waislamu kwa watu wake, lakini tangu 1926 sheria yake ya familia na mirathi ni ya kiraia, na kwa mujibu wa sheria yao ya 2007 inayohusu mambo ya wageni, nyumba na ardhi iliyoko Uturuki inarithiwa kwa sheria ya Uturuki hata kama marehemu ni mgeni.

Tutazame lina maana gani kwa familia ya kawaida ya hapa. Mzee anafariki, anaacha mke, watoto wa kiume na wa kike, na mama yake mzazi yungali hai huko Micheweni. Kwa sharia mama ana sudusi yake, yaani moja ya sita, mke ana thumuni, yaani moja ya nane, na watoto wanagawana kilichobaki, mwanamume sehemu mbili za mwanamke. Kwa sheria ya Uturuki mke anapata robo, watoto wote wanagawana sawasawa robo tatu zilizobaki, na mama hapati kitu, kwa kuwa watoto wakiwepo wazazi hawarithi. Mwenye wake wawili akae tayari kwa masuala zaidi, maana ndoa ya mitala imepigwa marufuku huko tangu mwaka huo huo wa 1926. Warithi wakipendana wanaweza kukubaliana wakagawana kwa sharia kwa hiari yao, lakini nani atamlazimisha aliyepewa zaidi na daftari arudishe? Nimeona ndugu wakigombana hapa kwa minazi ya nyuma ya nyumba; sitaki kufikiria watagombana vipi kwa fleti ya Istanbul ambayo kila mkutano wake unataka viza, mkalimani na cheti cha mirathi cha mahakama ya huko.

Kuhusu maisha yenyewe baada ya kuhama sina mengi. Kibali cha ukaazi cha Uturuki hakimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Kazi ina kibali chake. Bima ya afya inatakiwa. Skuli za watoto kwa lugha wasiyoijua ni mtihani ambao kila mzazi aupime mwenyewe.

Mhariri, ninapowaeleza watu haya huniuliza: hapa kwetu mbona tunauziana kwa urahisi? Si kweli kwamba tunauziana kwa urahisi. Mtu akinunua shamba Mtambile, sheha anakuwepo, majirani wanaitwa waonyeshe mpaka, mmoja atasema mpaka unapita kwenye mwembe na mwengine atasema mwembe ulikatwa, mnazi ndio mpaka, na mabishano hayo ndiyo usalama wa mnunuzi. Kisha jambo linafika Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, na baada ya hapo kwa Mrajis, yaani msajili wa ardhi. Katika nyumba ya ugenini mnunuzi hana sheha, hana jirani wa kubishana naye, na wakala aliyekaa mbele yake analipwa na muuzaji. Ndiyo maana anahitaji wakili wa huko huko, aliyemtafuta mwenyewe na anayemlipa mwenyewe, wala si yule anayependekezwa na wakala kwamba ni rafiki wa kampuni.

Nina maombi kwa pande tatu. Kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, itoe waraka mfupi wa Kiswahili unaoeleza mali ya nje inarithiwa vipi katika nchi ambazo watu wetu wananunua zaidi, ili masheha waupate na kuwasomea wananchi. Kwa wanaohusika na Wazanzibari waishio nje, washirikiane na balozi zetu za Ankara, Abu Dhabi na Muscat kuandaa majina ya mawakili na wakalimani walioapishwa ambao mnunuzi anaweza kuanzia kwao.

La tatu ni kwa mawakala wenyewe, ambao nina hakika wanasoma gazeti hili kwa kuwa wanatangaza ndani yake. Kabla ya kupokea kianzio cha mtu mwengine yeyote, wajibu katika ukurasa huu huu, kwa kila mradi wanaouza: anachouziwa mnunuzi ni umiliki kamili, ni ukodishaji au ni haki ya matumizi, na ya miaka mingapi, bei yake inafika kiwango cha ukaazi cha nchi hiyo kwa kanuni za leo au haifiki, na mtaa wenyewe umefunguliwa au umefungwa kwa wageni, fedha zinaingia akaunti ya nani, na jina la mnunuzi litaandikwa lini katika daftari la serikali ya huko. Wakijibu kwa maandishi, nitawapelekea majibu yao majirani wote wanaoniletea mikataba, akiwemo yule kijana wa Wete, ambaye baba yake bado hajalipa awamu ya pili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mstaafu wa kumbukumbu za ardhi,
Chake Chake, Pemba